Hakuna metali inayotoa elektroni bure

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini sodiamu hugeuka kuwa ioni chanya, yaani atomi yenye chaji chanya, atakujibu bila kusita: ina elektroni moja katika ganda la nje, inataka kuiondoa ili ibaki na nane kama neoni. Jibu hilo linapata maksi, na sina ugomvi na mwalimu anayelipa maksi, kwa sababu anayetaka tu kuandika fomula ya chumvi hahitaji zaidi ya hapo. Kasoro yake ni kwamba linaipa atomi hamu ambayo haina. Chukua atomi moja ya sodiamu, iache ielee peke yake mahali patupu, kisha isubiri itoe ile elektroni yake ya nje. Utasubiri mpaka kiama. Kiini kimeishika elektroni hiyo, na anayetaka kuing'oa lazima atumie nishati.

Ndivyo ilivyo kwa kila metali katika jedwali la elementi, kuanzia lithiamu hadi urani. Hakuna hata moja ambayo atomi yake, ikiwa peke yake, hutoa elektroni na kubaki na faida. Kwa hiyo swali lenye manufaa si kwa nini metali hupenda kutoa elektroni. Swali ni nani anayelipa gharama ya kuzing'oa, na kwa nini kwenye metali gharama hiyo huwa ndogo kiasi kwamba mlipaji hupatikana kirahisi.

Tumalize kwanza hesabu ndogo. Atomi ya sodiamu ina protoni 11 ndani ya kiini na elektroni 11 nje yake. Chaji chanya 11 na chaji hasi 11 zinafutana, atomi nzima haina chaji. Ikipoteza elektroni moja, zinabaki protoni 11 na elektroni 10, na protoni moja inakosa wa kuifuta. Hapo tunaandika Na⁺. Wengi huiona ile alama ya kujumlisha wakadhani kuna kitu kimeongezwa. Kilichotokea ni upungufu tu, na kilichopungua ni hasi. Protoni hazitoki wala haziingii katika badiliko lolote la kikemia. Zikibadilika idadi, hiyo si sodiamu tena.

Magnesiamu yenye protoni 12 hupoteza elektroni mbili ikawa Mg²⁺, alumini yenye protoni 13 hupoteza tatu ikawa Al³⁺. Ioni zote tatu zinabaki na elektroni 10 zilezile kama neoni, lakini hazilingani ukubwa hata kidogo. Nusu kipenyo cha Na⁺ ni takriban pikomita 102, cha Mg²⁺ 72, cha Al³⁺ 54 (pikomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Elektroni ni kumi kila mahali, ila protoni zinazozivuta zinaongezeka. Na ukikumbuka kwamba atomi kamili ya sodiamu ina nusu kipenyo cha pikomita 186, utaona kwamba kupoteza elektroni moja tu kumeifanya ipungue karibu nusu. Kusinyaa huku tukuweke akilini, maana ndiko kutakakoleta mlipaji baadaye.

Sasa gharama yenyewe. Wanakemia huipima kwa moli, yaani idadi ya atomi inayozidi kidogo bilioni mara trilioni 600. Kwa sodiamu moli moja ni gramu 23, kipande kinachoenea kwenye kiganja. Kung'oa elektroni moja kutoka kwa kila atomi ya moli hiyo, atomi zikiwa katika hali ya gesi, kunahitaji kilojuli 496. Nishati hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji baridi. Si kidogo. Lakini tazama bei ya elektroni ya pili: kilojuli 4,562. Imepanda zaidi ya mara tisa kwa mkupuo mmoja.

Magnesiamu: ya kwanza 738, ya pili 1,451, ya tatu 7,733. Alumini: 578, 1,817, 2,745, kisha ya nne inaruka hadi 11,577. Ukizichora namba hizi kwenye karatasi utaona ngazi inayopanda polepole halafu ghafla ukuta. Sodiamu inakutana na ukuta baada ya elektroni moja, magnesiamu baada ya mbili, alumini baada ya tatu. Huo ukuta ndio chanzo cha kanuni ya "nane" tunayofundishwa. Elektroni za ganda la nje ziko mbali na kiini, na kati yake na kiini kuna elektroni nyingine zinazoukinga mvuto. Zikiisha, zinazofuata ni za ganda la ndani, lililo karibu zaidi na lenye kinga ndogo. Atomi haikusimama kwenye nane kwa sababu ya kuipenda namba hiyo. Imesimama kwa sababu hatua inayofuata haina wa kuigharamia.

Kwa nini basi metali, na si klorini au oksijeni? Klorini iko mstari mmoja na sodiamu kwenye jedwali, maganda matatu yaleyale, lakini elektroni yake ya kwanza inagharimu kilojuli 1,251. Tofauti iko kwenye kinga. Katika sodiamu, elektroni kumi za ndani zinafunika sehemu kubwa ya mvuto wa protoni 11, hivyo ile ya nje inahisi mvuto wa protoni mbili na kidogo hivi. Katika klorini zile kumi za ndani ni zilezile, ila protoni sasa ni 17, na elektroni saba za nje zinakingana vibaya kwa kuwa zote ziko umbali mmoja. Kila moja inahisi mvuto wa kama protoni sita. Ganda linavutwa ndani, atomi inakuwa ndogo, bei inapanda.

Ukishuka kwenye safu ya kwanza ya jedwali bei inashuka nawe: lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidi 403, sezi 376. Ganda la nje linazidi kusogea mbali. Mtu angetarajia dhahabu, iliyo kwenye mstari uleule wa sita pamoja na sezi, nayo iwe nafuu. La. Dhahabu inadai kilojuli 890. Kiini chake kina protoni 79 na maganda yaliyojazwa njiani hayakingi vizuri; zaidi ya hapo, karibu na kiini kizito namna hiyo elektroni huenda kasi inayokaribia sehemu kubwa ya kasi ya mwanga, na athari za nadharia ya Einstein zinalikaza ganda la nje. Athari hizohizo ndizo zinazoipa rangi yake ya njano. Ndiyo maana wachimbaji wadogo wa Geita huiokota ikiwa metali tayari, wakati hakuna aliyewahi kuokota kipande cha sodiamu popote duniani. Sodiamu yote ya Ziwa Magadi na Ziwa Natron, tani kwa tani, ni Na⁺.

Mlipaji, basi. Vitabu vingi vinatoa jibu la haraka: klorini inaipokea elektroni kwa furaha. Ni kweli klorini ikipokea elektroni hutoa nishati, kilojuli 349 kwa moli. Lakini sodiamu imedai 496. Toa 349, bado kuna deni la 147. Na hatujahesabu gharama ya kuzitenganisha atomi za sodiamu kutoka kwenye kipande kigumu, kilojuli 107, wala ya kuvunja molekuli za klorini ili kupata atomi moja moja, kilojuli 121. Jumla deni ni kilojuli 375. Kwa hesabu hii, ukiwa na atomi moja ya sodiamu huku na moja ya klorini kule mbali, kuhamisha elektroni kutoka huku kwenda kule ni hasara. Picha ile ya kitabuni yenye mshale uliopinda kutoka Na kwenda Cl inaonyesha kitu ambacho, kikiachwa hivyo, kisingetokea.

Kinachogeuza hesabu ni kitu ambacho picha ile haionyeshi: ioni zikishapatikana, husogeleana. Chanya na hasi huvutana, na haziishii kuwa jozi. Kila Na⁺ inazungukwa na Cl⁻ sita, kila Cl⁻ inazungukwa na Na⁺ sita, safu kwa safu mpaka inakuwa fuwele ya chumvi. Kujipanga huko kunatoa kilojuli 787 kwa moli. Toa deni la 375, inabaki faida ya takriban 411, ambayo ndiyo ule moto na mwanga wa njano unaouona sodiamu inapochomwa ndani ya klorini. Kwa hiyo aliyelipia ioni ya sodiamu si klorini peke yake. Mlipaji mkuu ni fuwele.

Hesabu hiyohiyo inajibu swali ambalo wanafunzi wenye udadisi huuliza na wakati mwingine hunyamazishwa: mbona hakuna NaCl₂? Kwa sababu elektroni ya pili ya sodiamu ingegharimu kilojuli 4,562, na hakuna mpangilio wa fuwele unaoweza kurudisha kiasi hicho. Na mbona magnesiamu haiishii kuwa Mg⁺, ilhali elektroni ya kwanza ni 738 na ya pili 1,451, ghali maradufu? Kwa sababu ioni yenye chaji mbili, iliyosinyaa hadi pikomita 72, inavutana na Cl⁻ kwa nguvu kubwa sana. Fuwele ya MgCl₂ inarudisha zaidi ya kilojuli 2,500, na faida ya mwisho ni takriban 641. Magnesiamu ingeweza kusimama kwenye elektroni moja na bado ikapata faida. Inaendelea hadi mbili kwa sababu faida ya mbili ni kubwa zaidi. Haiendi hadi tatu kwa sababu ya ukuta wa 7,733.

Maji ni mlipaji wa pili, na pengine ndiye wa kawaida zaidi katika maisha yetu. Molekuli ya maji ina upande wa oksijeni wenye uhasi kidogo. Ioni chanya ikiingia majini, molekuli huizunguka zikiuelekeza upande huo kwake, na kila moja inayoshikana nayo inatoa nishati. Kwa Na⁺ jumla yake ni kilojuli 406 kwa moli. Svante Arrhenius wa Sweden ndiye aliyesisitiza, katika tasnifu yake ya mwaka 1884, kwamba chumvi ndani ya maji hujitenga yenyewe kuwa ioni hata kama hakuna umeme uliopitishwa. Watahini wake huko Uppsala hawakupendezwa, wakampa daraja la chini. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa wazo hilohilo.

Hapa kuna fumbo zuri. Tumeona kwamba elektroni ya lithiamu ni ghali kuliko ya sodiamu na ya potasiamu. Lakini ukipima majini, lithiamu ndiyo iliyo tayari zaidi kugeuka ioni. Volteji yake ya kawaida ni −3.04, potasiamu −2.93, sodiamu −2.71 (kadiri namba ilivyo hasi zaidi, ndivyo metali ilivyo tayari zaidi). Wanaofundishwa kukariri "ukishuka safu, utayari unaongezeka" hukwama hapo. Fanya hesabu kamili. Lithiamu: 159 kuitoa atomi kwenye kipande kigumu, 520 kung'oa elektroni, na maji yanarudisha 519. Deni linalobaki ni 160. Potasiamu: 89, 419, na maji yanarudisha 322 tu. Deni 186. Sodiamu: 107, 496, kurudishiwa 406. Deni 197. Lithiamu imeshinda kwa sababu ioni yake ni ndogo mno, hivyo maji yanaishika kwa karibu na kuilipa vizuri. Udogo huo, pamoja na wepesi wa metali yenyewe, ndio unaowafanya watengenezaji wa betri za simu waisake lithiamu hadi Manono, kusini mashariki mwa Kongo.

Mbona basi lithiamu ikitupwa majini hutoa mapovu kwa utulivu na potasiamu hulipuka? Hilo ni suala la kasi, si la faida. Potasiamu huyeyuka kwenye nyuzi 63 za Selsiasi na sodiamu kwenye 98, kwa hiyo joto la mwanzo tu linazifanya kimiminika chenye uso mpya kila mara. Lithiamu inasubiri hadi 180. Mlipuko wenyewe una siri nyingine. Kwa miaka mingi tulisimuliwa kwamba ni hidrojeni inayowaka. Mwaka 2015 watafiti wa Prague na Braunschweig walidondosha majini tone la mchanganyiko wa sodiamu na potasiamu, ambao ni kimiminika katika joto la kawaida, wakalipiga picha kwa kamera ya kasi kubwa. Kabla ya sehemu moja ya elfu ya sekunde kuisha, tone lilikuwa limetoa miiba pande zote. Maelezo yao: elektroni zinakimbilia majini haraka mno, uso wa metali unabaki umejaa ioni chanya tupu, nazo zinasukumana hadi tone linapasuka. Sijui picha bora zaidi ya kumwonyesha mtu kwamba chaji chanya kwenye ioni za metali ni kitu halisi na si alama ya kwenye fomula.

Mlipaji wa tatu ni ioni ya metali nyingine. Nunua mrututu, ule wa buluu ambao ukichanganywa na chokaa huwa dawa ya zamani ya ukungu wa mimea. Uyeyushe majini ndani ya glasi, tumbukiza msumari uliosuguliwa vizuri. Baada ya dakika chache msumari unavaa wekundu wa shaba, na ukiuacha muda mrefu ule ubuluu wa maji unafifia. (Glasi hiyo isirudi kabatini, mrututu ni sumu.) Kilichotokea ni kwamba atomi za chuma zimetoa elektroni mbili mbili na kuingia majini zikiwa Fe²⁺, na Cu²⁺ zilizokuwa majini zimezipokea elektroni hizo na kuwa shaba. Fanya kinyume, weka waya wa shaba kwenye maji yenye ioni hizo za Fe²⁺, na hutaona lolote hata ukikesha.

Nani kati ya metali mbili atatoa na nani atapokea? Linganisha zinki na shaba, ambazo ni jirani kwenye jedwali, protoni 30 na 29. Kung'oa elektroni mbili kunagharimu takriban kilojuli 2,640 kwa zinki na 2,700 kwa shaba. Karibu sawa. Maji yanarudisha 2,050 kwa zinki na 2,100 kwa shaba. Hapo pia karibu sawa, na ajabu ni kwamba shaba ndiyo inayorudishiwa zaidi. Tofauti kubwa iko mahali ambapo vitabu vingi havigusi: kuitoa atomi kutoka kwenye kipande kigumu. Zinki inadai 130, shaba 340. Atomi za shaba zimeshikana kwa nguvu, za zinki kwa ulegevu. Deni la zinki linaishia 720, la shaba 940. Kwa hiyo Cu²⁺ ikirudishiwa elektroni zake inatoa 940, ambayo inalipa deni la zinki na kubakiza 220. John Daniell wa London aliitumia ziada hiyo mwaka 1836 kutengeneza betri yake ya volti 1.1, na betri hiyo ndiyo iliyotumika sana kwenye mitambo ya simu za maandishi za karne ya 19.

Uwezo huu wa zinki uko juu ya paa zetu. Mabati ni karatasi za chuma zilizopakwa zinki. Msumari ukiitoboa ile zinki na chuma kikabaki wazi, mvua ikanyesha, elektroni zinatoka kwenye zinki iliyo pembeni, maana deni lake ni dogo kuliko la chuma. Chuma kinabaki metali mpaka zinki ya eneo lile iishe. Makopo ya chakula ni kinyume chake. Mengi ni chuma kilichopakwa bati, elementi namba 50, ambalo haliko tayari kutoa elektroni kama chuma. Likiwa zima linazuia hewa na maji vizuri. Likichubuka, chuma ndicho kinachotangulia, na kopo linapata kutu upesi kuliko kama lisingepakwa kitu. Vipande vya zinki vinavyofungwa chini ya meli za chuma vinafanya kazi ileile ya mabati: vinaliwa na bahari vikiwa vinageuka Zn²⁺, na fundi anavibadilisha meli ikipandishwa chelezoni.

Chuma chenyewe kinavuruga kanuni ya nane vibaya sana. Kina elektroni 26: mbili nje, 14 katika ganda linalofuata. Kikitoa mbili za nje kinakuwa Fe²⁺ chenye elektroni 24, idadi isiyofanana na ya gesi yoyote adimu. Kikitoa moja zaidi kinakuwa Fe³⁺ chenye 23, nayo haifanani na yoyote. Bei zake ni 762, 1,562, 2,957. Zinapanda bila ukuta, kwa sababu elektroni ya tatu inatoka sehemu ya ganda ambayo kinishati haiko mbali na zile za nje. Pasipo ukuta, idadi ya elektroni zitakazotoka inategemea mlipaji aliyepo. Maji ya visima virefu yanaonyesha hilo sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Yanatoka bombani yakiwa meupe, yameyeyusha Fe²⁺ chini ya ardhi ambako hakuna hewa. Yakikaa kwenye ndoo usiku kucha yanageuka ya kahawia na kuacha masimbi, kwani oksijeni imelipia elektroni ya tatu na Fe³⁺ haikai ndani ya maji ya namna hiyo. Ndani ya damu hali inalindwa kwa uangalifu: himoglobini inabeba oksijeni ikiwa na Fe²⁺ tu. Ikigeuka Fe³⁺ haibebi tena, na mwili una vimeng'enya maalumu vya kuirudisha.

Kurudisha ioni kuwa metali ni kuilipa gharama hiyo kwa upande wa pili, na hapo ndipo historia nzima ya ufuaji inapokaa. Dhahabu haikuhitaji malipo. Shaba na chuma viliridhika na mkaa: kaboni na gesi yake zinaichukua oksijeni iliyoshikana na ioni za metali, na ioni zinabaki na elektroni. Katanga, kusini mwa Kongo, walikuwa wakiyeyusha shaba kutoka kwenye mawe ya kijani na kuimimina katika umbo la misalaba karne nyingi kabla ya wakoloni. Kagera, Wahaya walipata chuma kwa mkaa na mivukuto kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Lakini mkaa haukuwahi kutoa sodiamu wala alumini kwa mivukuto ile, hata fundi awe hodari namna gani.

Humphry Davy alilimaliza tatizo hilo mwaka 1807 kwa kutumia betri. Alipitisha umeme kwenye potasi iliyoyeyushwa akapata potasiamu, na siku chache baadaye sodiamu. Mwaka uliofuata akaongeza kalsiamu, magnesiamu, stronti na bari. Ilibidi potasi iyeyuke kwa joto, si kwa maji, maana kama kuna maji mengi, maji ndiyo yanayotangulia kupokea elektroni na unaambulia hidrojeni. Hadi leo sodiamu ya viwandani hutengenezwa kwa chumvi iliyoyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 600, si kwa maji ya bahari.

Kwa shaba, umeme unatumika pia siku hizi, ila kwa bei ndogo. Kolwezi na maeneo jirani, mawe yenye shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfa, unapatikana myeyusho wa buluu uleule wa mrututu, kisha umeme unazirudishia Cu²⁺ elektroni mbili kila moja na shaba inajijenga kwenye bamba. Inatumika takriban uniti mbili za umeme kwa kilo. Hata hivyo shaba ya Katanga ni nyingi kiasi kwamba mwaka 1982 ulikamilishwa mstari wa umeme wa kilomita 1,700 hivi kutoka maporomoko ya Inga, karibu na Atlantiki, hadi Kolwezi.

Alumini ni habari nyingine. Kila Al³⁺ inadai elektroni tatu, atomi zake ni nyepesi hivyo kilo moja ina atomi nyingi, na kila elektroni inarudi kwa shida. Njia iliyogunduliwa mwaka 1886 na Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kivyake, ndiyo inayotumika mpaka leo, na inakula kati ya uniti 13 na 15 kwa kilo. Nchini Ghana, bwawa la Akosombo lilijengwa miaka ya 1960 kwa sehemu kubwa ili kuulisha mtambo wa alumini wa Tema. Ila sufuria iliyotoboka haihitaji bwawa. Atomi zake zilikwisha kurudishiwa elektroni, kwa hiyo fundi wa jua kali anayeyeyusha alumini chakavu anahitaji moto wa kufikia nyuzi 660 tu, na viwanda vinavyofanya kazi hiyo hutumia takriban asilimia 5 ya nishati inayohitajika kuanza na udongo mwekundu wa machimboni.